Mchungaji amehamishwa na bustani ya shule inakauka kila Juni. Tuifanyeje iwe kazi ya usharika wote?

Mwalimu wa Lishe (Hai)

Habari za jioni wanajukwaa. Wakubwa, shikamooni.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali wilayani Hai, upande wa mlimani, na nimekabidhiwa lishe na Elimu ya Kujitegemea. Shule yetu inapakana na usharika wa KKKT, yaani kanisa la Kilutheri. Kati yetu na kanisa kuna njia ya miguu tu na mstari wa masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, ambao siku hizi umeshaingia mapengo. Wazee wanasimulia kwamba zamani kanisa na shule vyote vilikuwa vya misheni, mpaka serikali ilipozichukua shule za mashirika ya dini baada ya Sheria ya Elimu ya 1969. Kwa hiyo watu wa hapa hawaoni ajabu kanisa kuingia shuleni na jembe.

Bustani ina ukubwa wa kama robo eka, iko nyuma ya madarasa ya la tatu na la nne. Ilianza vizuri sana. Mchungaji aliyekuwepo alikuwa mtu wa jembe kwelikweli. Alitangaza ibadani, waumini wakaleta samadi, mirunda ya uzio, mbegu na keni za kumwagilia. Watoto wakapanda sukuma, mchicha, mnafu, chainizi na karoti. Kabla ya hapo jikoni kwetu ilikuwa makande leo, ugali na maharage kesho, basi. Bustani ilipokolea, mama mpishi akawa anaongeza mboga siku mbili kwa wiki, na watoto waliokuwa wanabakiza ugali kwenye sahani wakaanza kupanga foleni ya nyongeza. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimama pale mlangoni mwa jiko nawatazama, na ndiyo sababu siwezi kukubali bustani hii ife.

Mchungaji yule amehamishwa. Aliyekuja ni mtu mwema na ananisikiliza, lakini usharika uko kwenye ujenzi wa kanisa jipya, na matangazo ya kila Jumapili ni saruji na nondo. Namwelewa. Lakini kila ninapopeleka jambo la bustani naambiwa tusubiri tupandishe linta kwanza.

Adui mkubwa ni likizo ya Juni. Masika inakuwa imeisha, shule inafungwa, zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa asili, inafika na hakuna wa kwenda kufungua. Watoto wakirudi Julai wanakuta mashina makavu na mavi ya mbuzi. Mtoto wa darasa la tano aliniuliza, "Mwalimu, mwaka huu tena tunaanza upya?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kuna na suala la fedha. Mboga zilipozidi, mzee mmoja alizipeleka mnadani baada ya ibada, zikanunuliwa kwa bei nzuri kuliko sokoni, maana mnadani mtu anaweza kununua fungu la mchicha mara tatu ya bei yake kwa moyo wa kutoa. Fedha hiyo ipo kwa mhasibu wa usharika, hakuna aliyeigusa. Ila mpaka leo hakuna anayejua ni sadaka au ni mali ya shule, na maneno yameanza kusemwa.

Mwisho, tuna watoto Waislamu, Wasabato na wa makanisa mengine. Sitaki hata mzazi mmoja aone kwamba mtoto wake anakula mboga za dhehebu.

Naomba kujifunza kwa mtu aliyewahi kuona ushirikiano wa namna hii ukidumu hata baada ya mchungaji kuondoka. Ulifungwaje? Naomba kuwasilisha.

---

Kijana wa Boma

Mwalimu, pole na kazi. Mimi ningekushauri uachane na kanisa, uende halmashauri. Hiyo ni shule ya serikali na kuna maafisa kilimo wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kanisa lina mambo yake.

---

Mwalimu wa Lishe (Hai)

Asante ndugu yangu. Afisa ugani wa kata yetu anakuja na anatufundisha vizuri, simlaumu hata kidogo. Lakini halmashauri haiwezi kuja kufungua mfongo saa kumi na moja alfajiri katikati ya Juni, wala kuona mbuzi wameingia Jumamosi. Kanisa liko hatua chache kutoka kwenye uzio, na kila siku ya Mungu kuna mtu pale: leo kwaya, kesho akina mama, keshokutwa kipaimara. Ninachokitafuta ni watu walio karibu.

---

Bibi Mwalimu (Marangu)

Marahaba mwanangu, Bwana asifiwe.

Nimestaafu ualimu mkuu, na katika usharika wangu ni mzee wa kanisa. Nimekalia viti vyote viwili unavyovizungumzia, na bustani ya shule jirani na kanisa letu bado inalisha watoto, ingawa wachungaji wamebadilika na walimu wakuu wamebadilika. Nikueleze ilivyofungwa.

Kwanza, acha kuomba fedha. Usharika ulio kwenye ujenzi hautakupa, na ukikupa leo, kesho utakuuliza. Omba vile ambavyo usharika tayari unavyo na havinunuliwi. Nyinyi hapo mna jumuiya, vile vikundi vya waumini wanaoishi jirani. Sisi tulikwenda kwenye baraza la wazee tukasema hivi: kila jumuiya ichukue wiki moja ya kutunza bustani wakati shule imefungwa, na orodha ya zamu isomwe kwenye matangazo ya Jumapili kama inavyosomwa zamu ya kufanya usafi kanisani. Hilo la kusomwa ndilo lililobeba kila kitu. Jumuiya ikitajwa mbele ya watu, haiwezi kukaa nyumbani. Tena orodha anaishika katibu wa usharika. Mchungaji anahama na mizigo yake, lakini daftari la katibu linabaki ofisini. Mchungaji mpya akifika anakuta zamu zimeshapangwa, naye anasoma tu.

Usimwonee uchungu huyo mchungaji wako. Peleka jambo ambalo halishindani na saruji yake, utaona atakavyokuunga mkono.

Pili, watoto wa kipaimara. Wanakuja Jumamosi, na wengi wao, kama si wote, ni wanafunzi wenu haohao au wamemaliza hapohapo juzi. Mwinjilisti wetu aliwapa bustani iwe sehemu ya mafundisho ya utumishi: saa moja ya jembe kabla ya darasa. Lakini hapa kuwa mkali. Jembe la Jumamosi liwe la wanakipaimara kwa sababu wao wamechagua kuja kanisani. Mtoto wako wa shule asiyekuwa wa kipaimara asiitwe siku hiyo kwa jina la shule. Msabato ana Sabato yake, Mwislamu ana madrasa yake.

Tatu, na hili wengi hawalifikirii: kanisa nalo lipate tuta lake. Sisi tulitenga matuta mawili yakawa ya diakonia. Mboga zake akina mama wanawapelekea wazee wasiojiweza na wagonjwa. Tangu siku hiyo bustani ikawa pia kazi ya kanisa. Kabla ya hapo akina mama walikuwa wanakuja kuisaidia shule, na mtu anayesaidia huchoka. Walipoanza kumfikiria bibi fulani aliyelala kitandani anayesubiri mnafu wake Ijumaa, hawakuhitaji kukumbushwa.

Sasa fedha. Fedha ya mnada ndiyo itakayowagombanisha, kwa hiyo ifunge mapema. Kwetu tulikubaliana kwamba matuta ya shule hayauzwi. Kila kinachotoka pale kinaingia sufuriani, na kikizidi watoto wa awali wanabeba nyumbani. Kinachopelekwa mnadani ni cha matuta ya diakonia tu, na fedha yake inasomwa kwenye matangazo kwa jina lake, mbali na sadaka. Hiyo ndiyo inanunua mbegu za msimu unaofuata na kutengeneza keni, na tunaikabidhi shuleni kwa vitu, siyo kwa noti. Shule ikipokea noti, ziende akaunti ya shule na zikatiwe stakabadhi siku hiyohiyo, kamati ya shule ijue. Hiyo iliyopo kwa mhasibu iiteni leo kwa jina, muandike ni ya nani, muimalize.

Halafu andikeni. Karatasi ya kurasa mbili inatosha. Isainiwe na mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mchungaji na katibu wa usharika, nakala kwa mtendaji wa kijiji na kwa Afisa Elimu Kata. Iseme ardhi ni ya nani. Nimesoma hapo juu kwamba masale yana mapengo, nikashtuka. Shule zilizotoka mikononi mwa misheni zina mipaka ya mdomo, na mipaka ya mdomo hufa na wazee. Kabla hamjapanda mche mwingine, iteni wazee wa pande zote mbili waoneshe mpaka, mpande sale mpya palipotoboka. Kwetu Uchagani hakuna atakayeng'oa sale.

Kuna jambo la mwisho ambalo silisemi kwa upole. Bustani isiwe adhabu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe pia shamba, na mwanafunzi ajifunze kwa kulima akiwa mwenye shamba. Mimi nilianza kufundisha nikakuta mtoto aliyechelewa anapewa jembe, na aliyepiga kelele anapewa ndoo. Mtoto wa namna hiyo akimaliza shule anaikimbia ardhi kama aliyetoka kifungoni. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilipiga marufuku, walimu wenzangu wakanuna, nikashikilia. Kama kwenu bado mtoto anaadhibiwa kwa kupalilia, usharika hata uwe mwema namna gani, watoto wataiachia mbuzi hiyo bustani wenyewe.

---

Baba Salma

Asalaam aleykum. Shikamoo Bibi Mwalimu.

Nasema kama mzazi Mwislamu mwenye watoto katika shule iliyo karibu na kanisa, na nimefurahi mwalimu ameuliza kabla ya kuulizwa. Mimi sina tatizo mwanangu kula mchicha uliomwagiliwa na mwanakwaya. Tatizo linaanza pale mtoto anapoambiwa apeleke ndoo kanisani Jumapili, au sala ya kufungua bustani inaposomwa kwa dini moja na wote wamepanga mstari. Ibara ya 19 ya Katiba yetu, ya uhuru wa dini, ipo kwa ajili hiyo, na mzazi akinyamaza haina maana ameridhika.

Ningeomba mambo mawili. Hesabu ya bustani isomwe kwenye kikao cha wazazi wote, siyo kanisani peke yake, maana hao watoto ni wetu wote na jasho ni lao. Halafu mtushirikishe na sisi. Kama kwenye kata yenu kuna msikiti, nendeni mkaongee na imamu. Kwetu sisi wazazi tulipoombwa, tulichukua jioni ya Ijumaa baada ya kazi, na mzee wetu mmoja mfugaji analeta samadi kila mwisho wa kiangazi. Hakuna aliyetushurutisha. Tulikuwa tunasubiri kuitwa.

---

Bibi Mwalimu (Marangu)

Marahaba Baba Salma. Umesema vema, na hilo la hesabu kwenye kikao cha wazazi naliongeza kwenye karatasi. Kwetu lilikuwa linafanyika kwa mazoea, halikuandikwa.

---

Bwana Shamba wa Kata

Salaam. Mimi ni afisa ugani, nipo ukanda wa chini kidogo, lakini hali ya Hai naijua. Watu wamezungumza vizuri kuhusu watu, niongee kuhusu maji na mimea.

Mwalimu, tazama paa la kanisa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 12 ni mita za mraba 240. Mvua ya milimita 50, ambayo kwenye masika ni jambo la siku chache tu, inakuletea lita 12,000. Ondoa zinazomwagika na kupotea, bado unapata zaidi ya lita 9,000. Kwa hiyo tanki la lita 10,000 linajazwa na mvua hizo chache za mwisho wa masika, na linaingia likizo ya Juni likiwa limejaa. Na kwa kuwa usharika unajenga sasa hivi, huu ndio wakati wa kuomba gata liwekwe upande wa shule. Fundi yupo, ngazi zipo, mabati yanapanda. Kuja kulifunga baada ya kanisa kuwekwa wakfu ni gharama nyingine na kikao kingine.

Sasa matumizi. Kiangazi, mboga zinahitaji kama lita nne kwa mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 10 ni lita 40, yaani ndoo mbili kubwa. Ukibaki na matuta sita wakati wa likizo, unatumia lita 240 kwa siku, na tanki lile linakufikisha siku 40 bila kugusa mfongo. Ila sikuambii ubaki na robo eka nzima. Bustani ya Juni iwe ndogo kuliko ya Aprili. Hapo ndipo shule nyingi zinapoteza: wanataka kuokoa kila tuta na wanapoteza yote.

Weka matandazo, nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa kiganja. Kiangazi usiinue tuta, lizamishe kidogo chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie. Mwagilia alfajiri au jioni.

Na uchague mimea inayojitunza. Chainizi na karoti zimalizike kabla hamjafunga. Kwa likizo acha matembele, kunde na kisamvu. Viazi lishe panda mwanzo wa masika: majani ni mboga, na viazi vyenyewe mtavuna mkirudi. Kisamvu mama mpishi akitwange na akichemshe mpaka kiive sawasawa, asikiharakishe, maana kikiwa kibichi kina sumu. Kitalu cha sukuma msikianzishe kabla ya kufunga shule. Miche michanga haiwezi kungoja mtu aliyesahau zamu. Sia mbegu wiki mtakayofungua, baada ya wiki nne hadi sita unahamishia miche shambani, na vuli ikifika inakuta sukuma imeshashika.

Nyanya nakushauri uachane nazo kabisa. Mdudu kantangaze akiingia mtaanza kutafuta dawa, na dawa za sumu karibu na watoto wadogo sitazikubali. Vidukari kwenye sukuma vioshe kwa maji ya sabuni, au nyunyiza maji ya mwarobaini.

Mbuzi ni uzio. Mirunda inaliwa na mchwa. Panda michongoma kuizunguka bustani yote, na kabla haijakua, ziba kwa miiba.

---

Mpare wa Same

Naongezea kwa Bwana Shamba. Kwetu Upareni maji ya mfereji tunayakusanya usiku kwenye ndiva, yaani bwawa dogo, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu. Mwalimu, hiyo zamu yenu ya mfongo imeandikwa kwa jina la shule au kwa jina la mtu? Nenda kwa mwenyekiti wa mfereji, hakikisha imeandikwa kwa jina la bustani, na anayefungua ni jumuiya iliyo zamu. Zamu isiyochukuliwa mara mbili tatu hupewa mwingine, na kuirudisha ni shughuli.

---

Mkulima wa Lurambi

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Mimi ni mwalimu hapa Kakamega, Kenya, na ni mlezi wa chama cha 4K shuleni kwetu. Hivi vyama vilikuwa vimelala, vikafufuliwa rasmi Juni 2021, na 4K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya.

Kwetu suala la kanisa na shule limeandikwa kwenye sheria. Shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inalitambua kanisa kama mfadhili wa shule. Ana nafasi kwenye halmashauri ya shule, anaweza kusaidia kwa fedha na majengo, na anasimamia malezi ya kiroho, lakini kifungu hichohicho kinamtaka alinde imani ya watoto wa dini na madhehebu mengine. Nimeona Baba Salma ametaja jambo hilohilo. Nyinyi mnaweza kuliandika kwenye makubaliano yenu hata kama hakuna sheria inayowalazimisha.

Jambo ambalo limetufaa sana ni mbegu. Tulikuwa tunangoja kanisa litununulie pakiti kila msimu. Akina mama wa kanisa wakatuambia: mbona mnanunua mbegu za mboga ambazo sisi tunazo kwenye vibuyu? Sasa tunapanda managu, saga, mrenda na kunde, na kila msimu mistari miwili haivunwi, inaachwa ikomae itoe mbegu. Nusu ya mbegu inabaki shuleni, nusu inarudi kwa akina mama. Watoto wanazianika, wanazipepeta, wanazihifadhi kwa jivu kwenye chupa kavu. Mama mmoja mzee huja kuwaonyesha jinsi ya kuchagua mche wa kuachia mbegu, na nakwambia, hakuna somo wanalolipenda kama hilo. Mnafu wenu ndio managu yetu, kwa hiyo hata kwenu itawezekana.

---

Mwalimu wa Lishe (Hai)

Wazazi wangu na ndugu zangu, nimesoma kila neno na nimeandika kwenye daftari. Mungu awabariki. Ndugu yangu wa Same, nimekwenda kuuliza: zamu imeandikwa kwa jina la mwalimu aliyehama miaka mingi kabla yangu! Mwenyekiti wa mfereji amekubali kubadilisha tukileta barua ya shule.

Mchungaji nimemfuata ofisini na lile la gata. Alicheka kwa furaha, akasema hilo hata kikao kikubwa halihitaji, ataongea na kamati ya ujenzi, kwa kuwa maji yale wao wenyewe wanayahitaji kwa ujenzi. Tanki bado hatuna, lakini kwa mara ya kwanza tunazungumza kuhusu tanki na siyo kuhusu kusubiri. Jumamosi baraza la wazee wanakaa, na nimepewa nafasi ya kuongea baada ya taarifa ya ujenzi. Mwalimu mkuu atakuja pamoja nami. Imamu wa msikiti wa kule barabarani naye nimemtumia salamu, nitamwona wiki ijayo na mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye ni muumini wake.

Bibi Mwalimu, naomba jambo moja tu. Hilo daftari la zamu linaandikwaje? Nikifika mbele ya wazee nataka niwe nalo mkononi, siyo maneno.

---

Bibi Mwalimu (Marangu)

Mwanangu, chukua kaunta buku moja, lisilo na maandishi mengine. Kila ukurasa ni wiki moja. Juu andika jina la jumuiya na jina la mtu mmoja atakayejibu, na namba ya mtu huyo ibandikwe pia kwenye mlango wa jiko la shule. Chini yake siku saba, na kila siku aliyekuja anaandika amemwagilia matuta gani, maji yametoka tanki au mfongo, na kama kuna kilichovunwa, kimekwenda wapi: jiko, diakonia au mnada. Basi, usiongeze safu nyingine. Ukiongeza hawataandika.

Ijumaa jioni jumuiya inayomaliza inakutana na inayoanza bustanini, wanatembea pamoja tuta kwa tuta, wote wawili wanaweka sahihi. Funguo za lango zinakabidhiwa hapohapo, zisipitie kwa mtu mwingine. Daftari linalala ofisi ya usharika wakati wa likizo, na linarudi ofisini kwako siku shule inapofunguliwa.

Wiki ya kwanza ya Juni usiipe jumuiya iliyo mbali. Ipe ile iliyo karibu zaidi na uzio, yenye akina mama wengi wenye watoto pale shuleni. Hao wakianza vizuri, wanaofuata watajipima kwao. Na Jumamosi hiyo, kabla hujafungua daftari, waambie wazee lile swali la mtoto wa darasa la tano kama ulivyotuandikia hapa.